Kwetu Mtoto Hahesabiwi

Basi la shule liliendelea kusimama mbele ya nyumba yetu hata baada ya mjukuu wangu kutolewa shule. Kila asubuhi lilikuja, la manjano, taa nyekundu zikiwaka na kuzima, likasimama pale kona, na mlango ukafunguka. Hakuna aliyepanda. Dereva alikaa ameshika usukani, akainua uso mpaka dirisha letu la juu, akangoja. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Alingoja kama mtu aliyeambiwa angoje. Halafu mlango ulijifunga, basi likaenda zake, na barabara ikabaki kimya kama boma wageni wa mazishi wakishaondoka.

Binti yangu alipiga simu shuleni akawaambia mtoto hasomi huko tena. Wakamjibu kwamba jina limeshatolewa. Basi halikuacha kuja.

Hii ilikuwa Takoma Park, upande wa Maryland, ile miaka watu walikuwa wakisema mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zote zitakufa na taa zitazima, na kanisani kwetu watu wanajaza maji kwenye mitungi ya plastiki. Nilikuwa nimeletwa kutoka Ukambani kumlea mjukuu. Ananiita Susu, ndivyo Wakamba tunavyoitwa tukishakuwa bibi. Sikusoma sana. Niliishia darasa la pili, nikatolewa kwenda kuchunga. Lakini macho ninayo, mdomo ninao, na kulea najua. Nimelea wangu, nimelea wa dada yangu, na huyu nikamlea nikiwa na goti bovu, katika nchi ambayo hata maji ya kunywa yananuka dawa. Leo ni msichana mrefu, mzuri, anayejua kusalimia watu. Simwombi mtu radhi kwa jinsi nilivyomlea.

Shuleni alitolewa kwa sababu alianza kunyamaza. Nyumbani alikuwa akiongea mpaka unamwomba apumzike, yeye na Kiingereza chake, mimi namjibu kwa Kiswahili, na tunaelewana vizuri tu. Akiingia lango la shule, sauti inakatika. Kwanza walimu walisema ana haya. Baadaye wakasema hajui Kiingereza, wakamtia katika darasa la watoto walioshuka ndege jana, yeye aliyezaliwa hospitali ya hapo hapo Washington. Halafu wakaanza kumpitisha kwa mtu huyu na huyu, mwingine ana picha, mwingine ana wanasesere, wote wanataka aseme. Kadiri walivyotaka ndivyo alivyofunga mdomo. Alirudi nyumbani midomo imekauka kama ya mtu aliyefunga. Kwa kuwa hakuweza kuomba ruhusa ya kwenda choo, aliacha kunywa maji. Siku aliyojikojolea mbele ya wenzake, binti yangu alisema basi.

Binti yangu ni nesi. Wakati huo alikuwa akitunza wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu za usiku. Mama mmoja Mmarekani, katika kanisa lile lililotukodishia jengo lake, alimwambia kwamba sheria inamruhusu mzazi kumsomesha mtoto wake nyumbani, mradi aiarifu kaunti, na mtu wa elimu awe anakuja kutazama kazi ya mtoto. Binti yangu akaarifu.

Watu wetu ndio waliotucheka kwanza. Baada ya ibada tulikuwa tukinywa chai kwenye chumba cha chini, Wakenya, Watanzania na ndugu kutoka Kongo, na habari ikazunguka pamoja na mandazi. Kijana wa Nairobi aliyekuwa akifanya kazi kwenye maghala ya Landover aliniuliza, "Shosho, sasa mmepanda ndege mpaka Amerika ndio mtoto akae nyumbani? Si mngemwacha tu Ukambani achunge mbuzi?"

"Na wewe uliyesoma mpaka chuo," nikamwambia, "mbona mhubiri akifungua Biblia unakoroma?"

Wakacheka, naye akacheka. Lakini mama mmoja wa Kitanzania, mpole, alinivuta kando karibu na birika. "Bibi, shikamoo. Hao wasikusumbue. Ila muwe waangalifu. Watu wa shule wa huku, mtoto asiyeonekana anawanyima usingizi."

Hilo nilikuwa nimekwisha kuliona. Tuliitwa shuleni kabla mtoto hajatoka, nami nikaenda, nikiwa nimevaa kitambaa changu kizuri. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mwema, tai yake imechorwa penseli. Alitutabasamia, na tabasamu lile halikushuka mpaka tukatoka. Alitaka kujua kama kuna aliyetuudhi. Kando yake palikuwa na mwanamke ambaye kazi yake ni kushauri watoto, anaongea polepole kama anayemsemesha mgonjwa. Binti yangu alinitafsiria baadaye kwenye basi. Mwanamke yule alisema katika kazi yake ameona familia zinazobaki na watoto nyumbani kwa ajili ya dini, na ameona nyingine zinazobaki nao kwa sababu kuna jambo ndani ya nyumba, na angependa kujua sisi ni wa namna gani. Aliuliza kwa upole kabisa. Mwalimu wa darasa hakuuliza kitu. Alikuwa msichana tu, macho mekundu, na tulipokuwa tukitoka alimshika binti yangu mkono akamwuliza amekosea wapi. Huyo nilimwonea huruma. Wale wengine walitutazama kama mwenye hoteli anavyomtazama mteja anayeondoka na sahani: huenda ana sababu zake, lakini sahani si yake.

Basi tukakaa nyumbani. Binti yangu alirudi asubuhi kutoka kazini, akaoga, akamfundisha mtoto kusoma na hesabu mpaka usingizi ukamshinda. Akalala. Mimi na mtoto tukaachiwa mchana.

Huujui mchana wa nyumba za ghorofa za Amerika mpaka uukalie. Watu wote wameenda kazini. Hakuna anayetwanga, hakuna anayemwita mwenzake, hakuna hata jogoo mpumbavu wa kuwika saa nane. Mabomba ya hita yalikuwa yakigonga ndani ya ukuta, ko, ko, ko, kama mtu aliyesahauliwa humo na mafundi. Juu ya dari palikuwa na nyayo. Wapangaji wa juu nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wakitoka asubuhi na kufunga mlango, na nyayo ziliendelea, kutoka dirishani mpaka kitandani, kutoka kitandani mpaka dirishani.

Sheria ya binti yangu ilikuwa hivi: mlango ukigongwa naye amelala au hayupo, tusifungue wala tusiitike. Aliogopa watu wa shule waje wakutane na sisi, mimi nisiyejua Kiingereza na mtoto asiyesema mbele ya mwalimu. Na mlango uligongwa. Tuliketi kwenye kochi, kiondo changu, kikapu cha mkonge, nusu kimefumwa mapajani, mtoto ameshika pumzi, mimi natazama ule ufa wa mwanga chini ya mlango. Vivuli vya viatu vilisimama pale. Vilikaa. Baadaye mwanga ukarudi, lakini ngazi zile za mbao zilikuwa zikilia kila mtu anaposhuka, na siku hiyo hazikulia.

Mtoto aliizoea hali hiyo kuliko mimi. Akawa hodari wa kunyamaza, anatembea kama paka wa jikoni. Nilimwita, akaitikia akiwa nyuma yangu, karibu hata pumzi yake naisikia mgongoni. Ilifika mahali nikawa nazunguka vyumba vyote kumtafuta mtoto ambaye tulikuwa naye chumba kimoja.

Mwalimu wa kaunti alikuja majani yalipokuwa yanageuka mekundu. Angeweza kuonana na binti yangu kwenye maktaba, lakini hatukuwa na gari na binti yangu alikuwa amechoka, akasema aje nyumbani. Alikuwa mwanamke, Mmarekani mweusi, rika langu au karibu, mvi zimekatwa chini kabisa, koti zito la kijivu, viatu vya mtu anayejua kutembea. Maisha yake yote alikuwa amefundisha shule za serikali, na sasa alitumwa kukagua nyumba kama zetu. Neno lake lilikuwa na uzito. Akisema mafundisho hayatoshi, mtoto angerudishwa shule, kwenye ile midomo mikavu. Akiona jambo baya zaidi, angewaita watu wa kulinda watoto, na hao hawaji kusoma madaftari. Wanaondoka na mtoto. Binti yangu alinieleza hayo yote tukiwa tunasugua sakafu.

Nilimpenda mara moja. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alifungua madaftari moja moja, hakuruka ukurasa. Alimwuliza mtoto hili na lile, mtoto akatazama kapeti, naye hakumlazimisha. Niliwapakulia muthokoi, mahindi makavu yaliyokobolewa niliyokuwa nikinunua kwa duka la Walatino, nikayachemsha na maharagwe. Alikula akamaliza. Alisema huko kwao Kusini bibi yake alikuwa akipika mahindi ya namna hii hii, na kwamba hakutarajia kuyaonja tena duniani.

Halafu, akipangusa mdomo, akauliza swali la kupitisha muda. Alimwuliza binti yangu ana watoto wangapi; maneno hayo ya Kiingereza hata mimi nilikuwa nayajua.

Kwetu mtoto hahesabiwi. Mbuzi hahesabiwi, ng'ombe hahesabiwi, sembuse mtoto. Jioni ukifunga zizi unatazama nyuso: yule wa doa yupo, kilema yupo, yule mwizi wa majani ya kunde yupo. Uso ukikosekana utajua tu. Mtu akikuuliza una watoto wangapi unamjibu, njoo uwaone. Namba ukishaitoa mdomoni huwezi kujua ni nani mwingine aliyekuwa akisikiliza. Nilizaliwa nikayakuta hayo na nitakufa nikiyaacha.

Binti yangu alifungua mdomo ajibu. Nikamziba. Sikufikiri. Mkono ulienda wenyewe, kama unavyomdaka mtoto anayetambaa kuelekea jikoni. Nilimziba mdomo binti yangu, mtu mzima na kazi yake, mbele ya mwalimu, na neno likafia kwenye kiganja changu, la moto.

Mwalimu alitua kijiko. Alinitazama, akamtazama binti yangu, akamtazama mtoto. Kisha, taratibu, akatazama nyuma yangu, kwenye ile korido ya vyumba vya kulala, na macho yake yakasimama pale gizani, kwa kimo cha mtoto.

Binti yangu alijaribu kutengeneza. Alicheka, akasema mama yake ni mtu wa zamani ana mambo yake, akasema mtoto ni huyu huyu. Lakini neno lililozibwa, likitoka baadaye linanuka mkono. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, ndio, ndio. Akaomba kwenda choo. Nilimsikia akisimama kwenye korido muda mrefu kabla mlango wa choo haujafunguka.

Alipoondoka binti yangu aliketi, akaweka kichwa mezani. "Mama, kwa nini? Yule anadhani kuna mtoto tumemficha."

"Na adhani."

"Atatuletea watu. Hapa si Ukambani."

"Kifo kimeanza lini kuuliza hapa ni wapi?" nikamwambia. Na ningefanya vile tena.

Tangu siku ile mwalimu alianza kumtafuta mtoto wa pili. Niliona gari lake ng'ambo ya barabara, ameketi ndani, injini imezimwa, anatazama madirisha yetu yote, hasa lile la chumba cha nyuma ambalo hatukulifungua. Siku nyingine mlango uligongwa, tukanyamaza kama kawaida, na tulipochungulia tukakuta mfuko kwenye kizingiti. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya hadithi, kila kitabu na pacha wake. Penseli kwa jozi. Na glavu za sufu za watoto, jozi nyekundu na jozi ya samawati. Zile nyekundu zilimkaa mjukuu wangu sawasawa. Zile za samawati zilikuwa ndogo. Zilikuwa za mtoto ambaye mwalimu alikuwa amemkadiria kwa macho pale kwenye korido.

Binti yangu alimpigia simu kumshukuru, akamweleza tena kwamba mtoto ni huyu huyu. Mwalimu akamjibu kwa adabu kwamba zile ndogo aziweke tu, huenda zikamfaa mtu.

Niliziweka kwenye droo. Kutupa kitu cha mtoto, hata asiyekuwepo, mkono ulikataa.

Sasa nitasema jambo ambalo binti yangu sikumwambia. Nilianza kupakua chakula cha ziada. Napakua, nageuka, naona sahani ambayo haina mwenyewe, na muthokoi umo unafuka moshi. Nilimwita mjukuu wangu nikasikia kama wanakuja, si kama anakuja. Na mchana mmoja, mchana mweupe, jua limeingia mpaka kwenye zulia, nilisinzia kwenye kochi nikahisi mtoto ameketi miguuni pangu. Uzito mdogo, wa joto. Nikanyoosha mkono nimpapase kichwa. Hapo hapo nikasikia mjukuu wangu akiimba bafuni. Sikufumbua macho. Uzito ulikaa kidogo, kisha ukainuka polepole, kama mtu asiyetaka kukuamsha.

Si kwamba niliogopa mizimu. Mizimu ya kwetu naijua, ina majina. Huyu hakuwa na jina wala uso. Alikuwa ametafutwa tu. Na mtu akitafutwa sana, na mtu mwenye nia, nadhani anaweza kuja.

Siku ya uamuzi ilikuwa ya barafu. Mvua ilinyesha ikaganda ikiwa njiani, na kila tawi la mti wa mbele lilikuwa limevishwa kioo. Mwalimu alikuwa amepangiwa kuja siku hiyo, na binti yangu alikuwa amenieleza kwamba leo ndio leo: atasema mtoto abaki au arudi shule, au atawaita wale watu wengine. Halafu simu ikalia. Ni binti yangu, bado yuko kazini. Wa kumpokea zamu ameshindwa kufika, barabara zimeganda, na wazee hawaachwi peke yao. Alikuwa amempigia mwalimu ofisini akaambiwa ameshatoka. "Akigonga usifungue, Mama," alisema. "Nakuomba."

Aligonga. Nilitazama ule ufa wa mwanga, vivuli vya viatu vimesimama. Mtoto ameshika pumzi. Nikawaza, huyu ni mwanamke wa rika langu, amepanda ngazi zenye barafu na magoti yake, na mimi nimejibanza huku kama panya wa ghala. Nikafungua.

Safari hii hakuvua viatu. Alisimama katikati ya sebule akasema maneno yake, taratibu, na mimi nikayakamata yale niliyokuwa nimekwisha kuyajua. Wangapi. Watoto. Leo. Kisha akaonyesha simu iliyokuwa ukutani.

Nilimgeukia mjukuu wangu. Alikuwa ameegemea mlango wa korido, midomo imeanza kukauka, naiona kwa macho yangu ikikauka.

"Mwambie Susu hawezi kuhesabu watoto," nikasema. "Mwambie kwetu ni mwiko."

Hakusema. Mwalimu alikwenda kwenye simu. Aliweka mkono juu yake lakini hakuiinua, na alinitazama kama mtu anayekusihi umzuie.

"Wewe," nikamwambia mtoto. "Leo bubu ni mimi. Niazime mdomo wako."

Mabomba yaligonga ukutani. Kisha nikasikia sauti ndogo, kavu, ya Kiingereza, na kwa muda kidogo sikujua inatoka wapi katika nyumba ile. Ilikuwa yake. Alikuwa anaongea na mwalimu, ametazama kapeti, lakini anaongea.

Nilianza kueleza na yeye akawa anabeba. Nilieleza zizi na nyuso za mbuzi. Nilieleza mtu wa serikali aliyekuja bomani kwangu nikiwa bado msichana mwenye nguvu, akiwa na fimbo ndefu. Watoto wangu walikuwa wanacheza chini ya ghala la mtama, naye akawanyooshea fimbo, huyu, huyu, huyu, midomo yake ikisogea. Kabla ya mavuno surua iliingia. Sisemi fimbo ndiyo iliyowaua. Surua iliwaua, na zahanati ilikuwa mbali, hilo nalijua. Lakini ile midomo niliiona ikisogea. Sikusema ni wangapi waliokufa. Niliwataja majina. Mjukuu wangu hakuwa amewahi kuyasikia majina yale, wala mama yake sikuwahi kumfundisha. Aliyarudia mbele ya mwalimu, moja moja, kwa ile sauti ya Kimarekani, nayo yalikaa pale sebuleni kama watu waliokaribishwa.

Mwalimu aliondoa mkono kwenye simu. Akaketi, na koti lake. Kisha akaanza yeye, na mtoto akageuza mdomo upande wangu.

Zamani, alisema, katika darasa lake palikuwa na mtoto aliyetolewa shule ili asomeshwe nyumbani. Yeye mwenyewe alikwenda kuaga. Alimwuliza yule mama ana watoto wangapi, yule mama akamtajia namba, bila kusita, na yeye akaiamini, akaenda zake. Muda ukapita. Siku watu walipoingia nyumba ile walifungua chumba cha nyuma, wakamkuta mwingine, mdogo zaidi, ambaye hakuwa katika namba ya mtu yeyote.

Mjukuu wangu aliinua macho kutoka kwenye kapeti, akanitazama.

"Mwulize kama alikuwa hai," nikasema.

Mtoto akauliza. Mwalimu akatikisa kichwa. Kisha akasema kwamba tangu wakati ule, akiingia nyumba ambayo mtoto yuko ndani saa za shule, humsikia yule mdogo kwenye korido. Kila nyumba. Anajua wazazi wengi ni wema. Anawaza hivyo hivyo kwamba ni wema, na bado anamsikia.

Nikaelewa zile glavu za samawati zilikuwa za nani. Nikaelewa pia ni nani aliyeketi miguuni pangu: alikuwa amekuja na mgeni akasahauliwa kwangu. Mwenzangu alihesabu watoto ili wasipotee. Mimi sikuwahesabu, kwa hofu ile ile. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumcheka mwenziwe.

Nikasimama. "Mwambie namba sitampa. Mwambie aje aone."

Tulikwenda chumba kwa chumba, mimi mbele, mwalimu nyuma yangu, mtoto ameshika sketi yangu. Nilifungua kabati la nguo, nikasukuma makoti kando. Nilipiga magoti, goti bovu na zima, nikainua shuka apate kuona chini ya kitanda. Tulifungua chumba cha nyuma, tukawasha taa, tukaona masanduku na ubao wa kupigia pasi. Mwalimu alitazama kila pembe kama anavyotazama daftari. Hakuharakisha, na mimi sikumharakisha. Nilikuwa nataka kuona pia.

Tukabakiza bafu. Pazia la plastiki lilikuwa limefungwa, na nyuma yake maji yalidondoka, tone, kisha tone. Nilinyoosha mkono, nao ukakataa. Nasema kweli, mkono ulisimama hewani na mimi mwenyewe nimekwama nyuma yake. Nilimwona mwalimu kwenye kioo, uso wake umekuwa wa majivu. Mtoto ndiye aliyepita katikati yetu akalivuta.

Beseni lilikuwa jeupe, tupu. Mwalimu aliinama akalitazama, akalitazama kuliko alivyotazama kitu kingine chochote ndani ya nyumba ile.

Tuliporudi sebuleni alimwambia mtoto jambo refu. Mtoto alisikiliza, akaona haya kulitafsiri, kwa kuwa lilikuwa lake.

"Anasema kwenye karatasi za shule wameandika siongei."

"Mwambie ndivyo walivyoandika."

"Anasema nimeongea mchana mzima. Anasema nibaki nyumbani, Mama aendelee kunifundisha. Yeye atakuja tena miti ikitoa maua."

"Na simu?"

Mtoto akamwuliza. Mwalimu alitazama ukutani kama aliyesahau kwamba pana simu. Hatapiga, alisema.

Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Alinishika mikono yote, na mikono yake ilikuwa baridi kuliko yangu. Alifunga vifungo vya koti, akashuka ngazi ya kwanza, halafu akageuka, na macho yakamtoroka. Yakapita bega langu, yakaenda kule kule kwenye korido, kwa kimo kile kile.

Hapo mjukuu wangu akasema kitu kwa Kiingereza. Hakuna aliyemwuliza. Alikisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekutajia saa.

"Umemwambia nini?" nikamwuliza.

Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Nimemwambia mtoto ni mimi tu. Mmoja."

Mkono wangu uliinuka. Haukufika. Neno lilikuwa limekwisha kutoka, liko kwenye ngazi, linashuka mbele ya mwalimu. Naye aliitikia kwa kichwa, akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, akashuka ameshikilia ukingo, ngazi zikilia moja baada ya nyingine mpaka chini.

Nilibaki nimeshika mlango, nikiisikiliza nyumba. Mabomba yalikuwa yamenyamaza. Juu hakuna aliyetembea. Mtoto aliniambia nifunge, baridi inaingia.

Nikafunga. Nikamshika mkono, nikaketi naye kwenye kochi, na sikumwachia mpaka mama yake alipofika kutoka kazini. Alilalamika kwamba namwumiza vidole. Nilimwambia avumilie.